Nani mwenye mamlaka ya kumtoa mchezaji uwanjani? Jibu kwa baba wa Edmonton

Swali: "Mimi ni Mtanzania, ninaishi Edmonton, Kanada. Mwanangu ana miaka 12, anacheza hoki ya barafu, na mwakani anaingia kundi la umri ambalo vikumbo, yaani kumgonga mpinzani kwa mwili, vinaruhusiwa. Mzee mmoja ninayekaa naye jukwaani huniambia zamani walicheza vichwa wazi na hakuna aliyelalamika. Haya ya ubongo ni woga wa siku hizi na biashara ya mawakili. Mke wangu ameona video za wachezaji wakizimia, hataki hata kusikia. Je, ni kweli zamani hawakujua? Ligi kubwa imebadilika kweli au ni maneno tu? Na kijana nimruhusu? Dukani nako wananiuzia helmeti ya bei mbaya, wanasema inazuia mtikisiko wa ubongo."

Kaka, nisalimie shemeji, na huyo mzee wa jukwaani pia, maana nusu ya anayosema ni kweli. Walicheza vichwa wazi. Ila hilo la kwamba hakuna aliyelalamika, aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kulalamika hakupata nafasi ya kusema.

Tarehe 13 Januari 1968, Bill Masterton wa Minnesota North Stars alikuwa anapanda kwa kasi kuelekea lango la Oakland Seals. Alipokwisha tu kuachia pasi, wachezaji wawili wa Oakland wakamkumba. Alianguka chali, kisogo kikapiga barafu. Hakuwa na helmeti, kama walivyokuwa karibu wenzake wote wa enzi hiyo. Alifariki tarehe 15, akiwa na miaka 29, na mpaka leo ndiye mchezaji pekee wa NHL, yaani ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, aliyeuawa moja kwa moja na jeraha la mchezoni. Mwaka 2011 gazeti la Toronto Star lilirudia kumbukumbu za kifo chake pamoja na madaktari, na wakaona dalili kwamba huenda aliingia mchezo ule tayari ana mtikisiko wa ubongo ambao haujapona.

Ligi ilifanya nini? Mwaka ule ule ilianzisha tuzo yenye jina lake, anayopewa mchezaji mwenye moyo wa uvumilivu. Helmeti yenyewe ilisubiri mpaka 1979, tena ikawa lazima kwa wale tu waliosaini mkataba baada ya tarehe 1 Juni mwaka huo. Waliotangulia waliachiwa wachague wenyewe. Wa mwisho kucheza kichwa wazi alikuwa Craig MacTavish. Mzee wako atamkumbuka kwa makombe aliyoyachukua na Oilers wenu, timu ya Edmonton. Alistaafu 1997. Kati ya kumzika Masterton na kumwona mchezaji wa mwisho asiye na helmeti akiondoka, ilipita karibu miaka 30.

Sasa, walijua au hawakujua? Walijua vya kutosha. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, alishachapisha makala ya kitabibu kuhusu mabondia waliokuwa wakipepesuka na kupoteza kumbukumbu baada ya miaka ya kupigwa makonde ya kichwa. Katika hoki, nyota wa Detroit, Gordie Howe, alipasuka fuvu kwenye mchujo wa 1950 na akafanyiwa upasuaji kuokoa maisha yake; msimu uliofuata akarudi na kuongoza ligi kwa pointi, na hadithi iliyosimuliwa miaka yote ni ile ya kurudi. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kumwambia mchezaji "leo basi, toka," na akatii, na kocha akanyamaza, na mkataba usiguswe. Mimi historia hii yote naisoma kwa swali hilo moja: uamuzi wa kutoka uko mikononi mwa nani? Kwa miaka mingi ulikuwa mikononi mwa aliyeumia mwenyewe, yaani mikononi mwa ubongo uliokwisha kutikiswa.

Ngoja nieleze kidogo kinachotokea, kwa sababu bila hili habari ya helmeti haitaeleweka. Ubongo umeelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani akisimama ghafla, ndoo inasimama lakini maji yanaendelea na safari, ndivyo ilivyo. Kibaya zaidi ni kichwa kikizungushwa ghafla, kama bega linapokidaka kidevu kutoka ubavuni. Nyuzi ndefu za seli za ubongo huvutika, chumvi zinazotakiwa kukaa ndani na nje ya seli huchanganyika, na seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha mpangilio wake wakati ambapo damu ya kuiletea sukari imepungua. Ndiyo maana mtu anachoka, anachukia mwanga, anasahau alichoambiwa dakika mbili zilizopita, anakuwa na hasira zisizo zake. Picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, inatoka safi kabisa, kwa kuwa hakuna kilichopasuka wala kinachovuja damu. Na wengi hawapotezi fahamu. Hili la mwisho lishike sana, kwa sababu jukwaani watu bado hupima kwa swali la "kwani alizimia?"

Hoki inazidi michezo mingi kwa mambo matatu: kasi, ukuta mgumu unaozunguka uwanja mzima, na vifaa vya mabegani ambavyo vilitengenezwa vimlinde anayevivaa vikaishia kuwa silaha kwa anayegongwa. Mwaka 2005, baada ya msimu mzima kufutwa kwa mgogoro wa mikataba, ligi iliruhusu pasi ndefu za kuvuka mistari miwili na ikakaza sheria za kuvutana na kukwamishana. Mchezo ukapendeza, kweli kweli. Ukawa na kasi zaidi pia, na aliyekuwa akipunguzwa mwendo kwa kuvutwa jezi akawa anafika kwenye kikumbo akiwa na mwendo wake wote.

Twende kwa Eric Lindros, kwa kuwa kisa chake ndicho kinachoonyesha hali ilivyokuwa. Wakati huo ligi ilikuwa na mpango wake wa mtikisiko wa ubongo tangu 1997, pamoja na chama cha wachezaji: kila mchezaji alipimwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri msimu ukianza, ili akiumia walinganishe. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa kupigiwa mfano. Mdogo wake Lindros, Brett, alishastaafu 1996 akiwa na miaka 20 tu, kwa sababu hiyo hiyo ya ubongo. Nyota mwingine, Pat LaFontaine, aliacha 1998. Hakuna aliyeweza kusema hajui. Machi 2000, Lindros, nahodha wa Philadelphia Flyers, aligongwa, akaendelea kucheza michezo kadhaa huku kichwa kinamuuma, na aliyegundua kwamba ana mtikisiko alikuwa daktari wa nje ya timu. Alipolalamika hadharani kwamba watabibu wa timu hawakumwona, meneja mkuu Bobby Clarke akamvua unahodha.

Fikiria ujumbe aliopata kila kijana kwenye chumba cha kubadilishia nguo siku ile. Kipimo kipo, fomu zipo, na mkubwa wenu amevuliwa cheo kwa kuuliza kwa nini havikutumika.

Lindros alirudi Mei, mechi za mwisho za fainali ya kanda ya Mashariki. Tarehe 26 Mei, mechi ya saba, aliingia eneo la New Jersey Devils ameinamisha kichwa akitazama kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, na mlinzi wao Scott Stevens akamkuta kwa bega. Hiyo ndiyo video ambayo shemeji ameiona bila shaka. Karibu kila mtu ameiona. Stevens hakupewa adhabu, kwa kuwa kwa sheria za siku hizo kikumbo kile kilikuwa halali. Lindros hakucheza msimu wote uliofuata.

Kuna video nyingine ambayo mimi naona inasema mengi zaidi. Juni 2003, fainali ya Kombe la Stanley, mechi ya sita. Stevens yule yule anamkuta Paul Kariya wa Mighty Ducks of Anaheim, ambaye alishawahi kuikosa Olimpiki ya Nagano 1998 kwa jeraha la kichwa. Kariya analala chali, macho yamefumba, hatikisiki. Kamera imemsogelea mpaka unaona kioo chake cha usoni. Kikavu, safi. Kisha ghafla kioo kinafunikwa na ukungu: amevuta pumzi, ameitoa. Wanamwinua, wanampeleka ndani. Muda mfupi baadaye, kipindi kile kile, yuko tena kwenye barafu, na anapiga shuti kali linalompita kipa Martin Brodeur na kuingia. Uwanja mzima ulilipuka. Kwa miaka mingi bao hilo lilichezwa kama mfano wa ushujaa. Leo mtabibu yeyote wa timu akiitazama anashika kichwa, maana mtu aliyelala vile asingepaswa hata kukaa benchi usiku ule. Video ni ile ile, bao ni lile lile. Macho ya watazamaji ndiyo yamebadilika, na mimi nayahesabu hayo kuwa mabadiliko ya kweli.

Yalibadilika kati ya 2010 na 2011, na kwa bahati mbaya yalibadilishwa na majina makubwa kuumia. Machi 2010 Matt Cooke wa Pittsburgh alimgonga Marc Savard wa Boston kichwani kutoka upande asiouona. Hakufungiwa hata mechi moja, kwa sababu hakukuwa na kifungu cha kumfungia. Msimu uliofuata ukaja na Kanuni ya 48, iliyokataza kikumbo cha kichwa kutoka upofuni. Mwaka mmoja baadaye ikapanuliwa, sasa ikigusa kikumbo chochote kilichokilenga kichwa, kitoke upande wowote.

Halafu akaumia Sidney Crosby. Tarehe 1 Januari 2011, kwenye mechi ya uwanja usio na paa pale Pittsburgh, David Steckel wa Washington alimgonga kichwani wakati anageuka. Alicheza tena. Siku nne baadaye akasukumwa ukutani na Victor Hedman wa Tampa Bay. Msimu wake ukaishia hapo. Alirudi 21 Novemba akafunga mawili na kutoa pasi mbili za mabao, na watu wakaimba kwamba amepona. Mwezi Desemba dalili zikarudi, akakaa nje mpaka Machi 2012. (Huyu ndiye Crosby yule yule aliyevaa jezi na kucheza pamoja na vijana wa Kenya Ice Lions walipoalikwa Kanada mwaka 2018, kama uliwahi kuiona filamu ile fupi.) Mchezaji bora wa dunia, uso wa ligi, karibu mwaka mzima hachezi kwa jeraha lisiloonekana kwenye picha. Baada ya hapo hakuna baba Kanada aliyeweza kumwambia mwanawe kwamba ni uvivu.

Na pesa nayo ilisema. Machi 2011, Montreal, Zdeno Chara wa Boston alimsukuma Max Pacioretty kwenye nguzo ya kioo pembeni mwa benchi. Pacioretty akapata mtikisiko mkubwa na pingili ya shingo iliyovunjika. Chara hakufungiwa. Shirika la ndege la Air Canada likaiandikia ligi barua kwamba litaondoa udhamini wake kama mambo yataendelea hivyo. Machi hiyo hiyo ligi ilitangaza utaratibu mpya: mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa apelekwe kwenye chumba tulivu, apimwe na daktari, badala ya kuulizwa pale benchi "uko sawa?" na mtabibu aliyeshika chupa ya maji. Sidai kwamba barua ndiyo iliyofanya yote. Lakini usimcheke mzee wako anapotaja biashara. Biashara ilikuwepo, ila ilivuta upande asioudhania.

Badiliko lililonishawishi mimi kuliko yote lilikuja baadaye. Ligi iliweka waangalizi, watu wa kukaa na kutazama mechi wakitafuta dalili tu: mchezaji anayechelewa kuinuka, anayeyumba, anayejishika kichwa. Kuanzia msimu wa 2016 wako pia New York, mbele ya luninga, na wana uwezo wa kuamuru mchezaji atolewe. Timu isipotii inapigwa faini. Na mji wenu ndio uliouonja utaratibu huu kwa uchungu. Desemba 2016 Connor McDavid, nahodha wenu akiwa na miaka 19, aliangushwa mechi dhidi ya Minnesota, kidevu kikapiga barafu, akajishika mdomo. Mwangalizi akaamuru atoke. Timu ilikuwa na faida ya mchezaji mmoja zaidi, na yeye ndiye silaha yao, yuko chumbani anaulizwa maswali. Alirudi kipindi cha tatu akiwa mzima, na baada ya mechi alisema kwa kejeli kwamba inaelekea mwangalizi anajua anavyojisikia kuliko yeye mwenyewe.

Alikasirika kwa haki, hakuwa na mtikisiko. Na bado naona siku ile ndiyo utaratibu ulifanya kazi. Miaka 16 kabla yake nahodha alivuliwa cheo kwa kusema anaumwa. Sasa nahodha anatolewa japo anasema haumwi, wala kocha hana la kufanya.

Hapa ningependa kukuambia kwamba mambo yamekwisha, lakini kuna sehemu ambayo ligi imekaza shingo. Majira ya kiangazi ya 2011, ndani ya miezi minne, walifariki wachezaji watatu waliokuwa wakijulikana kwa ngumi: Derek Boogaard mwezi Mei, Rick Rypien na Wade Belak mwezi Agosti. Kazi yao kwenye timu ilikuwa ubabe, kumpiga anayemgusa nyota wao. Boogaard alikuwa na miaka 28, jitu la zaidi ya mita mbili, na aliuawa na mchanganyiko wa pombe na dawa kali za maumivu ambazo alikwisha kuzizoea. Familia yake ilitoa ubongo wake ukachunguzwa Chuo Kikuu cha Boston. Walikuta CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara kwa miaka, ambamo protini iitwayo tau hujikusanya na kuua seli polepole. Unathibitishwa baada ya kifo tu, kwa darubini. Kwenye hoki ulishakutwa kwa Reg Fleming mwaka 2009 na kwa Bob Probert, wote wapiganaji, na watu wakajifariji kwamba ni ugonjwa wa wababe. Kisha ukakutwa kwa Rick Martin, mfungaji. Baadaye kwa Stan Mikita. Na kwa Henri Richard, aliyechukua Kombe la Stanley mara 11, kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Utafiti wa Boston uliotoka mwishoni mwa 2024 ulichunguza bongo za wanaume 77 waliocheza hoki ngazi mbalimbali. 42 walikuwa na CTE. Kati ya 19 waliofika NHL, 18 walikuwa nao, na kila mwaka mmoja zaidi wa kucheza uliongeza uwezekano kwa takriban asilimia 34. Usizisome namba hizi ukadhani karibu kila mchezaji wa NHL anaumwa. Familia hutoa ubongo wa ndugu yao hasa pale walipokwisha kuona amebadilika, kwa hiyo sampuli imeegemea upande mmoja. Lakini ule uhusiano na miaka ya kucheza hauondoki kirahisi hivyo.

Kamishna wa ligi, Gary Bettman, mpaka mbele ya wabunge wa Kanada mwaka 2019 alishikilia kwamba sayansi haijathibitisha kuwa hoki inasababisha CTE. Wachezaji wa zamani walifungua kesi 2013. Nyaraka za kesi zilipofunguliwa 2016, zilionekana barua pepe za 2011 za wakubwa wa ligi wenyewe, ambamo naibu kamishna Bill Daly aliandika, kwa maana yake, kwamba ngumi zinaongeza majeraha ya kichwa, majeraha yanaleta sonona, na sonona inaleta misiba. Faraghani sentensi ilikuwa nyepesi kuandikika. Mwaka 2018 jaji alikataa kesi isikilizwe kwa niaba ya wachezaji wote kwa pamoja, na Novemba ikamalizwa kwa dola milioni 18.9 kwa wachezaji zaidi ya 300, takriban dola 22,000 kila mmoja pamoja na vipimo na matibabu kiasi. Ligi haikukubali kosa. Kwa kulinganisha, ile ya mpira wa miguu wa Kimarekani ilifika karibu dola bilioni moja. Kwa hiyo hiyo biashara ya mawakili anayoitaja mzee haikumtajirisha mchezaji yeyote.

Ngumi zenyewe zimepungua sana kwa sababu za mchezo: kwenye timu ya kasi hakuna tena nafasi ya mtu anayejua kupigana tu. Bado adhabu yake ni dakika tano na kurudi mchezoni. Ligi ya vijana ya Quebec ilizipiga marufuku 2023, na mashabiki wanaendelea kuja.

Sasa kijana wako. Yeye hayuko NHL, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa ushahidi kuhusu watoto ni wazi zaidi kuliko wa wakubwa, na umetoka mkoani kwenu. Watafiti wakiongozwa na Carolyn Emery wa Calgary walilinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, waliokuwa wakiruhusiwa vikumbo, na wa Quebec, ambako havikuruhusiwa. Matokeo yalichapishwa 2010: Alberta hatari ya mtikisiko ilikuwa zaidi ya mara tatu. Hockey Canada, shirikisho la hoki la Kanada, iliviondoa vikumbo kwa umri huo mwaka 2013, ndiyo maana wako hajaonja mpaka sasa. Hoja ya makocha wa zamani kwamba mtoto asipofundishwa mapema ataumia zaidi akikua haikusimama tafiti zilipofuata.

Kwa miaka 13 na 14, ushauri wangu ni huu. Uliza klabu kama kuna daraja lisilo na vikumbo. Miji mingi ya Kanada inayo, hasa kwa madaraja ya chini, na mtoto anacheza hoki ile ile na marafiki wale wale. Kama si wa kulenga madaraja ya juu kabisa, mweke huko bila kusita. Kama kipaji kinampeleka juu, mwacheni aende, lakini kwanza kaa na kocha umuulize maswali mawili. Nani anaamua mtoto atoke akigongwa? Na mara ya mwisho kijana kutolewa kwa kichwa, alirudi vipi? Kocha anayejibu la pili kwa kueleza hatua moja baada ya nyingine, shemeji anaweza kulala. Anayekujibu "vijana wangu ni wagumu," tafuteni timu nyingine. Kama mtoto alishapata mtikisiko zaidi ya mmoja, mpeleke kwanza kwa daktari anayefahamu majeraha haya, kabla hata ya kulipa ada ya msimu.

Akigongwa na ukamwona anachelewa kuinuka, anashangaa, kichwa kinamuuma au hayuko sawa tu kwa jicho lako la mzazi, siku hiyo amemaliza, hata akilia. Usimpe nafasi ya kukushawishi. Nimewaona watoto wa umri huo wakidanganya kwa ustadi kuliko wachezaji wa kulipwa. Akitapika mara kwa mara, maumivu yakizidi, akipata kifafa, akizidi kuchanganyikiwa, mkono au mguu ukilegea, au shingo ikiuma, piga 911 palepale. Pasipo hayo, siku moja au mbili za mapumziko mepesi, luninga na simu kidogo tu, kisha matembezi. Kumfungia kwenye chumba chenye giza wiki nzima tuliacha, kunachelewesha kupona. Shule kwanza, hoki baadaye, hatua kwa hatua, angalau siku moja kila hatua, na kabla ya kurudi kwenye kugongana awe na barua ya daktari. Watoto huchukua wiki kadhaa, mara nyingi hadi nne. Na kipimo cha kumbukumbu cha mwanzo wa msimu ambacho kliniki binafsi zinauza, si lazima.

Helmeti nayo: hakuna inayozuia mtikisiko wa ubongo, ya bei yoyote, kwa sababu ile ya ndoo. Kazi yake ni kulinda fuvu, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Chuo cha Virginia Tech huzipima helmeti za hoki na kuzipa nyota kwa namna zinavyopunguza mshtuko. Tazama orodha yao kabla ya kulipa, utaona bei na nyota haviendi pamoja siku zote. Unachotafuta ni lebo ya CSA, shirika la viwango la Kanada, kwenye helmeti na kwenye kizuizi cha uso, isiyo na ufa, iliyombana vizuri kiasi kwamba akitikisa kichwa haichezi, na mkanda wa kidevu umefungwa. Ya mtumba usiyoijua ilishagongwa mara ngapi, iache. Pesa itakayobaki mnunulie kinga ya shingo. Hiyo ni kwa ajili ya makali ya viatu, habari nyingine kabisa, lakini na yenyewe anaihitaji.